Nota Pana za Wimbo wa Ngendo

Jumapili, 13 Julai

Leo Mungu amenikumbuka. Baada ya ibada Mwalimu Njau, kiongozi wa kwaya yetu pale Mwihoko, amesimama akatangaza kwamba Jumapili ijayo, kanisa likitimiza miaka arobaini, kwaya itaimba wimbo mpya. Mtunzi: Ngendo. Ngendo wangu! Mke wa ndoa, mama wa Kui, mtu tunayegombania naye blanketi moja kila Julai!

Kwaya yetu haijawahi kuimba kitu kilichotungwa na mtu wake. Kila sherehe ni wimbo ule ule wa zamani, hata watoto huupigia miayo. Ngendo amelia kidogo kwenye leso. Ameutunga mwaka mzima.

Sharti ni moja. Karatasi za wimbo ziwe mikononi mwa waimbaji Ijumaa kwenye mazoezi. Zisipokuwa, Mwalimu Njau amesema kwa ule upole wake, tutarudi kwa ule wa zamani.

Sasa, Mulei. Mulei ana duka la kuchapa mkabala na langu huku Gitothua. Huimba besi. Ana printa kubwa kama friji na hapitishi salamu bila kuitaja. Nikamwona anaanza kuinuka ili ajitolee kuchapa. Nikainuka kabla yake. Goti likagonga benchi, kanisa zima likasikia. Nikasema Gachau Computer Services itachapa, tena bure. Goti linauma lakini heshima imebaki nyumbani.

Ngendo amenikabidhi karatasi zake nne za penseli. Zimejaa herufi: d, r, m, f, s, l, t, na vinukta na vistari katikati. Wanaiita solfa. Kwaya zote za huku husoma hiyo. Mimi siimbi na siisomi, lakini nina macho. Wimbo wa mke wangu unaonekana kama nambari za pikipiki! Haiwezekani. Nitauchapa kwa nota za kweli, zile nyeusi zenye kichwa na mkia, kama zile zinazoshonwa kwenye gauni za kwaya za Nairobi. Sijamwambia Ngendo. Mulei atameza mate.

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Hata mbwa wa Gitothua leo wamekataa kubweka.

Kwa faida ya vizazi vijavyo, nieleze mashine yangu. Ni kaprogramu nilikokatoa kwenye intaneti bure. Kanakaa ndani ya kompyuta kama askari wa geti. Kwa kawaida kamelala. Ukibonyeza Caps Lock, kanaamka. Ukibonyeza alama ya kwanza, kanangoja. Ukibonyeza ya pili, kanafungua geti, herufi ambayo haiko kwenye kibodi inatoka, halafu kanalala tena. Kulala, kuamka, kungoja, kutoa. Ndivyo ninavyopata ĩ na ũ za Kikuyu. Tangazo la mazishi likitoka kwangu lina vikofia vyote mahali pake, na wazee hupita duka la Mulei wakija kwangu kwa sababu hiyo tu. Mulei huweka vikofia kwa kalamu.

Kazi ya leo ilikuwa kukafundisha nota. Kila alama duniani ina nambari yake kwenye ile orodha kubwa inayoitwa Unicode, na nota zimo. Nikaingiza nambari za nota. Kwa nota sikutaka alama mbili, moja tu: Caps Lock halafu d, itoke nota. Caps Lock halafu r, itoke nota. Halafu m, nota. Nota ni nota.

Nikabonyeza. Ikatoka 텟.

Nikabonyeza tena. 텟.

Ngendo akatokea nyumbani, maana nyumba yetu iko nyuma ya duka, ameleta chai. Akaangalia skrini. Akasema hiyo ni Kikorea. Yeye hutazama zile tamthilia za Korea kila jioni, na herufi zao zimemwingia kichwani. Akasema inasomwa tet. Akauliza kwa nini wimbo wake unasema tet tet tet. Nikamwambia hayo ni majaribio tu. Akauliza kama ni vigumu kuchapa zile herufi zilivyo. Nikamwambia mambo yako karibu kuiva.

Akarudi jikoni akiimba. Huo wimbo! Mwaka mzima sijapata amani ya kusikiliza habari. Sauti ya kwanza huimba akisukuma chapati. Ya pili akiosha vyombo. Besi akifua, kwa sababu anasema besi haitoki bila kuinama. Ya tatu akikata mboga, sukuma wiki, na hiyo ya tatu ameibadilisha mara nyingi hata siku moja nikamwomba aihurumie sukuma.

Jumanne, 15 Julai

Nimeenda Thika kumwona Jagdeep. Tulisoma naye sekondari. Baba yake aliuza vipuri vya matrekta, yeye anatengeneza kompyuta kwenye duka lile lile, na bado kunanuka grisi.

Jagdeep akafungua mashine yangu, akasoma matumbo yake, akacheka kwa pua. Kumbe ilitengenezwa zamani. Ndani yake kila alama imepewa kisanduku cha tarakimu nne. ĩ inaingia vizuri na nafasi inabaki. Lakini nota ziko mbali kwenye orodha, nambari zake ni ndefu, tarakimu tano. Mashine inakata ile ya mbele na kuitupa. Kinachobaki ni nambari ya mtu mwingine kabisa, huko Korea. Ni kama kupiga simu ukaruka tarakimu moja, halafu ukashangaa kwa nini shangazi amebadilika sauti.

Dawa, akasema, ni kuigawanya alama pana nusu mbili na kuzitoa moja baada ya nyingine. Kompyuta itaziunganisha. Kwa hiyo askari wangu wa geti afundishwe jambo jipya: ukishatoa nusu ya kwanza usilale, toa ya pili, ndipo ulale.

Rahisi! Nikamshukuru.

Jagdeep ni mtu mzuri lakini ana maneno ya kukatisha tamaa. Akashauri nichape zile herufi tu niende nyumbani. Halafu akauliza waimbaji watajuaje sauti inapanda wapi na kushuka wapi. Nikamwambia wale ni waimbaji, ndiyo kazi yao kujua. Akaniongezea chai. Ya tangawizi, nzuri sana.

Jumatano, 16 Julai

Asubuhi mashine ilitoa nusu ya kwanza ikalala. Nusu ya nota si nota. Kisanduku kitupu kwenye skrini, kama dirisha la nyumba ya mtu aliyehama.

Nikarekebisha. Ikatoa nusu zote mbili, lakini ya nyuma ikatangulia mbele. Visanduku viwili. Nilitukana kidogo, kwa Kikuyu, polepole, kwa sababu mteja alikuwa anapiga picha ya pasipoti.

Baada ya chakula cha mchana: NOTA! Nyeusi! Kichwa hiki hapa, mkia huu hapa! Nikaruka nikalisahau goti. Goti halikunisahau.

Nikachapa karatasi zote nne papo hapo. Caps Lock d, Caps Lock s, Caps Lock m, vidole vikichemka. Nikaweka maneno chini yake. Kila mtu atadhani wimbo umetoka ng'ambo.

Sasa, majaribio ya printa. Sheria ya kazi yetu ni moja kuanzia Ruiru hadi Thika: karatasi mpya si ya majaribio. Unachukua iliyotumika, unajaribu upande wa nyuma. Zilizokuwa karibu na mkono ni zile nne za Ngendo, nyuma safi kabisa. Nikaziweka. Printa yangu ina kiburi, hupenda upande usioutaka. Ikachapa upande wa penseli. Nikageuza, ikageuza na yenyewe mawazo. Nilizipitisha mara kadhaa nikirekebisha ukingo, na sasa wino umefunika penseli yote. Si neno. Wimbo mzima uko ndani ya kompyuta.

Alhamisi, 17 Julai

Mzee Gichuru, mwenyekiti wa kamati yetu ya maji, amekuja na tangazo lake. Hataki kuchapiwa. Huchapa mwenyewe kwa kidole kimoja kwa sababu hamwamini mtu na maneno yake. Na hupenda herufi kubwa, mwenyekiti hawezi kuandika kwa herufi ndogo. Kwa hiyo hubonyeza Caps Lock kila anapoanza neno, kwa nguvu, kama anaua mende.

Mimi nilikuwa nyuma nakata karatasi. Sikuwaza.

Kila alipobonyeza, askari wangu aliamka. Badala ya MKUTANO ikatoka nota, halafu kutano. Badala ya MAJI, nota, halafu aji. Badala ya SAA, nota, halafu aa. Mzee hakuwa na miwani. Akalibandika mwenyewe kwenye nguzo ya stima.

Kufikia saa kumi watu walikuwa wanauliza tamasha ni wapi na mwanamuziki ni nani. Wengine walisema wameona wazi limeandikwa ni la muziki. Mulei alisimama mlangoni kwake akiwaelekeza wote kwangu, mmoja mmoja, kwa adabu ya kuchukiza. Akanikumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamwambia hata hivyo hakuna aliyewahi kukimbilia tangazo lililotoka kwake. Akarudi ndani.

Nimechapa nakala arobaini. Ni nzuri! Nilizipanga kwenye kaunta nikaziangalia kama mtu aliyepata mapacha.

Jioni Ngendo akaomba zile karatasi zake, kuna mahali kwenye sauti ya tatu alitaka kuhakikisha. Nikamwambia ziko salama, asubiri, kesho kuna jambo la kumshangaza. Akacheka. Akasema mambo yangu ya kushangaza anayajua. Amelala akitabasamu. Nampenda sana huyu mwanamke na kesho atajua hivyo.

Ijumaa, 18 Julai

Ngai, Mungu wangu.

Niandike tu.

Mwalimu Njau alipokea nakala yake kwa mikono miwili. Akaigeuza juu chini. Akaigeuza ubavu. Akauliza kwa adabu, do ni ipi. Nikasema zote ni nota. Akasema hilo analiona, lakini do ni ipi.

Nikaangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Zilikuwa zimesimama kwa mstari mmoja, kimo kimoja, kama maharagwe yaliyopandwa kwa kamba. d, r, m, f, zote nilizipa nota ile ile. Kumbe ile nambari ya Unicode inakuambia nota ishikwe kwa muda gani. Haikuambii iko juu au chini. Hilo hakuna aliyeniambia. Jagdeep aliniambia.

Sauti ya kwanza wakajaribu, maana ni watu wazuri. Waliimba mstari mzima kwa sauti moja, kama jenereta. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mpaka nikamwona Ngendo.

Akaomba karatasi zake. Sikuwa na pa kukwepea. Nikazitoa kwenye mfuko. Akazitazama mbele, akazitazama nyuma, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Penseli haikuonekana. Akasema sauti ya kwanza anaijua, ya pili pia, besi huenda akaiokoteza. Ya tatu aliibadilisha mara nyingi, hajui tena ni ipi iliyokuwa ya mwisho. Ya mwisho ilikuwa hapo.

Halafu akaniambia polepole, wote wakisikia, "Baba Kui, nilikuomba uchape. Sikukuomba uboreshe."

Akatoka nje.

Mwalimu Njau akaangalia saa, akafungua begi lake. Alikuwa na huzuni, lakini alisema Ijumaa ni Ijumaa. Akaanza kugawa karatasi za ule wimbo wa zamani.

Nimefanya mambo mengi ya aibu lakini hili liliniuma hadi kwenye meno. Mwaka mzima wa mtu! Nikaona chapati, vyombo, sukuma. Sukuma! Na kabla sijawaza, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Tulikuja na matope miguuni, hukutuuliza viatu."

Sauti ya tatu. Ya sukuma. Niliimba kama mbuzi aliyefungiwa, lakini niliimba yote, pamoja na pale kwenye "viatu" inapopanda kidogo halafu inashuka. Pale Ngendo alipagombania na nafsi yake wiki mbili, akapaamua siku ile sukuma iliungua. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nilikula hiyo sukuma. Siwezi kukosea.

Nikamaliza. Nikatafuta mlango.

Mulei ndiye alisema nirudie kutoka katikati. Alikuwa amechukua mojawapo ya nakala zangu, ameigeuza upande wa nyuma, anaandika solfa kwa kalamu. Nikarudia. Akauliza kama nina nyingine. Nikamwambia ninazo zote. Ya chapati nikaiimba nikisukuma hewa, la sivyo inapotea. Ya vyombo nikaiimba nikisugua. Ya besi ilikataa kabisa kutoka mpaka nikainama na kufua benchi. Hakuna aliyecheka. Mulei alicheka, kidogo.

Nilipoinuka, Ngendo alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Akaja akamsahihisha Mulei mahali pawili kwenye besi, akafuta macho, akawaambia wa sauti ya tatu wasogee mbele.

Kila mtu akanakili kwa kalamu nyuma ya karatasi zangu. Mwalimu Njau akaurudisha ule wa zamani kwenye begi akalifunga. Kwa hiyo, nikiandika kwa haki, karatasi za wimbo zilikuwa mikononi mwa waimbaji Ijumaa. Karatasi kutoka Gachau Computer Services. Sharti limetimia.

Ngendo hajanisemesha hadi sasa. Lakini amenipa sehemu kubwa ya blanketi.

Jumapili, 20 Julai

Wameimba.

Kanisa lilijaa hadi nje. Wengine, nafikiri, walifuata lile tangazo la Mzee Gichuru. Walipofika kwenye matope na viatu, wamama wa zamani, wale waliokuja Mwihoko wakati barabara ilikuwa mto, wakasimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Mmoja alivua viatu vyake akavishika mkononi. Kwaya ikaombwa irudie. Ikarudia.

Mimi nilikuwa nyuma. Nilijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Kilikuwa kichwa chini, jirani akanigeuzia.

Mulei kwenye besi aliinama kidogo. Nilimwona.

Tukarudi nyumbani kwa miguu sehemu ya njia, matope yale yale. Ngendo akanishika mkono. Tulipokaribia posho mill, kile kinu cha unga, akasema, "Mwaka mzima nilidhani unasikiliza habari."

Nikamwambia habari zilikuwa zile zile kila siku.

Jumatatu, 21 Julai

Nimefikiria kwa utulivu. Mashine haikuwa na kosa. Ilikosa upana tu.

Nimekagua ile orodha tena. Nota zimo, lakini kumbe na ile mistari mitano imo! Na vikia, na vinukta, na zile alama za kujikunja za mwanzo wa mstari. Kinachohitajika ni askari wa geti ajifunze hali nyingine: baada ya Caps Lock na herufi, angoje tena, aambiwe kimo. Ni hali moja tu zaidi. Labda tatu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nafasi imekuja yenyewe. Mwalimu Njau ameomba wimbo mwingine wa Krismasi, na Ngendo ameshaanza. Leo asubuhi ameniletea sauti mbili za kwanza nizichape. Ameleta kopi. Kopi! Nikauliza za penseli ziko wapi, akasema ziko mahali salama. Kopi zenyewe zimetolewa kwa Mulei, nimezijua kwa ule weusi wa majivuno. Na juu ya kila ukurasa ameandika kwa kalamu nyekundu: HERUFI TU. Nadhani ana maana ni kwa sasa tu.

Kufikia saa sita mashine ilikuwa na hali mpya. Nota ya kwanza imetoka ikiwa imekalia mstari! Ya pili imeanguka nje ya ukurasa, lakini hilo ni jambo dogo, ni ukingo.

Ngendo anamenya viazi nyuma ya duka na anaimba sauti ya pili. Nimepunguza redio. Si kwamba nasikiliza. Pale mwisho aliposhusha jana, leo amepandisha, na jana palikuwa pazuri zaidi. Nitamwambia akileta chai.

Sasa nahitaji kujaribu printa. Nimetafuta karatasi iliyotumika duka zima, hakuna. Kwa bahati nzuri hizi kopi, nyuma ni safi kabisa.